Watoto wa Matofali

Kila asubuhi Zipora aliamka macho yake yakiwa yamegandana. Alikaa mkekani bila kuhangaika, akimsubiri mama yake, Debora, aje na pembe ya kanga iliyoloweshwa kidogo, amfute taratibu mpaka kope ziachane. Mama akimaliza, alivuka upande wa pili wa chumba na kumfuta bibi kwa kanga ile ile. Bibi Anyesi alikuwa ametimiza miaka sita bila kuona. Kisha mama alijifunga kanga yake na kwenda kuwasha moto wa uji.

Hakuna mtu nyumbani aliyesema kwamba Zipora ni mgonjwa. Mtaa wao wa Chang'ombe ulikuwa na watoto wengi wenye macho ya namna ile, na kijijini walikotoka, upande wa Kongwa, macho mekundu yalikuwa kama vumbi la kiangazi. Yalikuja, yakakaa, na watu wakaendelea na kazi zao. Zipora alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, akisoma darasa la tano.

Baba yake, Yotham, alikuwa muuza maji. Alfajiri alipanga foleni bombani, akajaza mapipa mawili, kisha akasukuma mkokoteni hadi kwenye nyumba za maofisa ambako mabomba yalikuwa yakikauka wiki nzima. Ndoo moja tu ilibaki nyumbani. Ilikuwa ya kupikia na ya kunywa. Maji ya kunawa uso hayakuwamo katika ndoo hiyo, na Zipora hakuwahi kuyaulizia.

Huo ulikuwa mwaka 1994. Mambo mengi yaliyokuwa bure yalikuwa yameacha kuwa bure. Ukienda hospitali unachangia, ukienda shule unachangia. Shule ya Zipora haikuwa na madawati ya kutosha, kwa hiyo kamati ya shule ilipitisha kwamba mzazi akitoa mchango wa dawati, mtoto wake atakaa kwenye dawati. Wengi waliona huo ni uamuzi wa haki. Mwalimu Fulgence, mwalimu wa darasa la tano, naye aliuona hivyo.

Darasa lilikuwa na watoto themanini na tisa na madawati kumi na manane. Watoto hamsini na wanne walikaa watatu watatu. Thelathini na watano waliobaki walikaa nyuma, juu ya matofali ya kuchoma ambayo kila mmoja alikuja nayo kutoka kwao. Waliitwa watoto wa matofali. Jina hilo halikutolewa kwa ubaya. Hata mwalimu alilitumia. "Watoto wa matofali, mmemaliza kunakili?" Nao wakaitikia, "Bado, mwalimu."

Saruji ya sakafu ilikuwa imemeguka, na madirisha hayakuwa na vioo. Upepo wa Agosti ulipovuma, vumbi liliinuka na kuwafikia kwanza walioketi chini. Nzi walipenda kona ile ya nyuma. Walitua kwenye pembe za macho ya Zipora, na yeye aliacha kuwafukuza kwa sababu walikuwa wakirudi tu.

Kutoka kwenye tofali lake, ubao ulikuwa kitu cheusi chenye ukungu mweupe. Aliona mkono wa mwalimu ukienda na kurudi. Maneno hakuyaona. Kwa hiyo alijifunza njia nyingine, nayo ni kusikiliza. Mwalimu alipoeleza jambo, Zipora alilirudia chinichini, midomo ikicheza, mpaka likakaa kichwani. Somo la Jumatatu aliweza kulisema lote siku ya Ijumaa. Lakini majaribio yaliandikwa ubaoni, si kichwani mwa mtu. Zipora alibuni majibu ya maswali asiyoyaona, akapata matatu kati ya ishirini, au manne, au matano.

Aliyepata chini ya kumi alichapwa viboko viwili vya mkononi. Darasa la tatu Zipora alikuwa akilia. Sasa alisogea mbele jina lake likiitwa, akanyoosha mkono, akapigwa, akarudi kwenye tofali lake, akakaa.

Siku moja Mwalimu Fulgence alimzuia kidogo kabla ya kumchapa. "Zipora, tatizo ni nini? Huoni ubaoni?"

"Naona, mwalimu."

"Basi ni uvivu."

Zipora alinyoosha mkono apigwe. Alikuwa na sababu ya kusema uongo ule. Mwaka uliotangulia Mazengo, mtoto wa jirani yao, alisema kwamba hasikii vizuri. Aliambiwa aende nyumbani, asirudi bila karatasi ya daktari. Wazazi wake hawakuwa na cha kulipia karatasi. Mazengo alikuwa sasa akichunga mbuzi wa watu nje ya mji, na hakuna aliyemtaja tena darasani.

Mwisho wa mwezi Agosti chaki zilikwisha shuleni. Mwalimu Fulgence aliingia darasani na daftari lake, akasema jaribio la jiografia litasomwa kwa mdomo. "Nitasoma kila swali mara mbili. Andikeni namba na jibu. Sitarudia mara ya tatu."

Zipora aliweka karatasi juu ya paja. Mwalimu alisoma swali la kwanza, naye akalisikia lote, mwanzo hadi mwisho, kama mtu yeyote. Alilinong'ona jibu kwanza, kama alivyozoea, ndipo akaliandika kwa herufi kubwa, uso ukikaribia kugusa karatasi. La pili likawa vivyo hivyo, na la tatu. Hakufurahi wala hakushangaa. Aliandika tu.

Mbele yake, kwenye dawati la mwisho, alikaa Rodgers. Baba yake Rodgers alikuwa ofisa serikalini, na mama yake alikuwa na duka la vitenge. Rodgers alikuwa na viatu vyeusi na saa ya mkononi, na jioni alikwenda twisheni nyumbani kwa mwalimu mmoja wa sekondari. Alikaa dawati la mwisho kwa sababu ya urefu wake tu. Siku ile Rodgers hakugeuka nyuma hata mara moja. Aliegemeza mgongo, kichwa akakiinamisha upande.

Siku ya kurudisha karatasi, Mwalimu Fulgence aliziacha mbili mezani. Akawaita Zipora na Rodgers mbele.

"Rodgers, kumi na saba. Zipora, kumi na saba," alisema. "Mmekosa maswali matatu, yale yale. Swali la kumi na nne niliuliza, Reli ya Kati inaanzia Dar es Salaam inaishia wapi. Darasa zima wameandika Kigoma, na ndivyo nilivyofundisha. Ninyi wawili mmeandika Kigoma na Mwanza. Zipora, hili umelipata wapi?"

"Ninalijua, mwalimu."

"Juzi ulipata matano."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mtu hawezi kulala na matano akaamka na kumi na saba. Ulikaa nyuma ya nani?"

"Nyuma ya Rodgers."

"Basi tumeelewana." Mwalimu alichukua kalamu nyekundu, akaandika sifuri kwenye karatasi ya Zipora. "Rodgers, rudi ukae. Siku nyingine funika kazi yako."

Rodgers alirudi dawatini akitazama viatu vyake. Zipora alinyoosha mkono. Safari hii vilikuwa viboko vinne. Alivihesabu kama mtu anayehesabu ndoo za mwingine. Mwalimu akamwambia asirudi darasani bila mzazi.

Alifika nyumbani mchana. Mama alikuwa akipepeta mtama uani.

"Mbona mapema?"

"Nimeambiwa nije na mzazi. Wanasema nimeibia jaribio."

"Umeibia?"

"Hapana, mama."

Debora aliweka ungo chini. Alimtazama binti yake, akatazama njia ambayo mumewe alipita na mkokoteni. Siku ambayo Yotham hakuuza maji, ndiyo siku ambayo hapakuwa na unga. "Baba yako akipata nafasi atakwenda," alisema. "Kwa sasa kaa na bibi."

Nafasi haikupatikana kesho yake, wala keshokutwa. Zipora alimpeleka bibi chooni, akamrudisha, akamketisha ukutani penye kivuli. Kivuli kilipohama, walihama nacho. Aliwasikia watoto wakienda shule na aliwasikia wakirudi. Alikuwa amedhani atasikia uchungu, lakini hakusikia kitu. Siku zilipita zikiwa na rangi moja.

Siku ya sita bibi alimuuliza, "Macho yako yanakwaruza?"

"Ndiyo. Kama yana mchanga."

"Njoo hapa."

Bibi Anyesi aliinua kidole chake kikavu, akapapasa ukingo wa kope ya jicho la kulia la mjukuu wake, polepole, kama anayetafuta jiwe kwenye mchele. Kidole kikasimama pale kilipokuta kitu. Akaushusha mkono.

"Langu lilianza hivyo," alisema. "Kope zinageuka, zinaingia ndani. Mama yako alikuwa akizing'oa kwa kibano. Zikaota tena."

Zipora alitazama nywele nyeupe za bibi, uso wenye macho ya rangi ya maziwa, mikono iliyokuwa ikisubiri mtu aishike. Alielewa kwamba anatazama mahali anapokwenda. Hilo nalo halikumliza. Aliuliza tu, "Kivuli kimehama, bibi. Tusogee?"

Wakati huo huo, shuleni, Mwalimu Fulgence alitoa jaribio lingine la mdomo, kwa kuwa chaki zilikuwa bado hazijaletwa. Aliposahihisha jioni, alifika kwenye karatasi ya Rodgers, akaisoma mara mbili. Manne kati ya ishirini.

Asubuhi alimwita ofisini. Rodgers alisimama mbele ya meza, mikono nyuma.

"Umeugua?"

"Hapana, mwalimu."

"Wiki iliyopita ulipata kumi na saba. Sasa manne. Kitu gani kimebadilika darasani?"

Rodgers aligeukia dirisha. Nje kulikuwa na mlio wa fagio.

"Niambie hivi," mwalimu alisema. "Kwa nini uliandika Mwanza kwenye lile swali la reli?"

"Sijui, mwalimu."

"Uliandika kitu usichokijua?"

"Alikuwa ananong'ona," alisema. "Zipora. Kila jibu analinong'ona kabla hajaandika. Mimi nilikuwa naandika anachosema."

"Na nilipomchapa ulikuwa umekaa unatazama."

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu Fulgence hakumgombeza. Alimwambia arudi darasani. Wanafunzi walipotoka kwa mapumziko, aliingia peke yake katika darasa la tano, akaenda mpaka nyuma, akakaa juu ya tofali la Zipora. Magoti yalimfika kidevuni. Ubao ulikuwa mbali kuliko alivyodhani, tena mwanga wa dirisha uliupiga mpaka ukang'aa. Mistari mitatu ya chini haikuonekana kabisa, ilizibwa na madawati. Alikuwa amefundisha katika chumba kile miaka minne na hakuwahi kukaa pale.

Jioni hiyo alipanda baiskeli yake hadi Chang'ombe, akauliza nyumba ya Yotham muuza maji. Alimkuta Zipora uani akimwongoza bibi kwa kumshika kiwiko.

"Mbukwenyi, bibi," alisalimia. Yeye alikuwa mtu wa Sumbawanga, lakini salamu ya Kigogo alikuwa ameijua.

"Mbukwa. Nani huyo?"

"Ni mwalimu," Zipora alisema, kisha akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Mwalimu alipewa kigoda, akakaa. Debora alitoka ndani akiwa amekaza uso, tayari kwa lawama. Naye Yotham aliingia wakati huo huo na mkokoteni mtupu, akasimama bila kuketi.

"Zipora," mwalimu alisema, "nieleze lile swali la reli. Kwa nini Kigoma na Mwanza?"

Zipora alimtazama baba yake kwanza. "Baba alikuwa mchukuzi stesheni kabla ya kununua mkokoteni. Alituambia treni ikifika Tabora inagawanyika. Mabehewa mengine yanakwenda Kigoma, mengine Mwanza."

"Na mengine Mpanda," Yotham alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nikipakia mizigo ya huko."

Mwalimu Fulgence aliinamisha kichwa. Alitoa karatasi mfukoni, ile yenye sifuri nyekundu. Alimkabidhi Zipora. "Nisomee hapo juu nimeandika nini."

Zipora aliileta karatasi hadi ikagusa ncha ya pua, akaigeuza kidogo upande wa jicho la kushoto. "Sifuri," alisema.

"Na hiyo?" Mwalimu alionyesha kalenda iliyobandikwa ukutani, hatua nne kutoka pale, yenye namba kubwa nyekundu.

Zipora alitazama. Akakunja macho, akasogeza uso mbele.

"Haoni," bibi alisema. "Ulikuja kujua hilo tu?"

Mwalimu alimgeukia Zipora tena. "Rodgers ameniambia alikuwa anaandika majibu yako. Wewe ulijua?"

"Nilijua, mwalimu. Nilikuwa nasikia kalamu yake ikianza nikishamaliza kunong'ona."

"Kwa nini hukusema?"

Zipora aliona swali hilo ni la ajabu kidogo, kwa kuwa jibu lake lilikuwa wazi.

"Yeye ana dawati, mwalimu," alisema.

Debora alimletea mwalimu maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati, naye akakishika bila kunywa. Hatimaye alisema, "Mzee Yotham, nilimpiga mtoto wako kwa kosa ambalo hakulifanya. Nimekuja kuomba radhi."

Yotham hakuwa amezoea kuombwa radhi na mtu mwenye kalamu mfukoni. Alisema, "Haya, mwalimu," kisha akatazama gurudumu la mkokoteni.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu Mkuu, Mwalimu Sidonia, aliandika barua ya kwenda hospitali, na Mwalimu Fulgence akatoa fedha ya kadi ya matibabu mfukoni mwake. Yotham aliacha mkokoteni siku hiyo. Walikwenda hospitali wote watatu, yeye na mkewe na binti yao.

Muuguzi wa macho alikuwa mama wa makamo mwenye mikono mizito na vidole vyepesi. Aliipindua kope ya juu ya Zipora, akaimulika kwa tochi, akapindua na ya jicho la pili.

"Ni vikope," alisema. "Wengine wanaita trakoma. Ameugua muda mrefu, mpaka jicho la kulia kope tatu zimegeuka ndani, zinakwaruza mboni. Nyumbani nani mwingine ana macho hivi?"

"Bibi yake. Yeye hata haoni," Debora alisema.

"Wewe unawafuta kwa kitu gani?"

Debora aliinua pembe ya kanga yake, kisha akaishusha polepole. Alikuwa ameelewa kabla hajaambiwa.

"Wote wawili, kwa kitambaa kimoja," muuguzi alisema. Hakusema kwa ukali. "Ugonjwa huu unahama kwa kitambaa, kwa vidole na kwa nzi. Nzi wanafuata uso mchafu. Kila mtu awe na kitambaa chake. Uso uoshwe asubuhi na jioni kwa maji safi."

"Maji," Yotham alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza hospitalini. "Mengi kiasi gani?"

"Kunawa uso? Kikombe kimoja kinatosha. Unatoboa kopo, unalitundika, maji yanachuruzika kidogo kidogo."

"Kikombe kimoja."

"Kimoja tu."

Yotham alitazama viganja vyake vilivyokuwa na sugu za mpini wa mkokoteni. Kwa miaka mitatu alikuwa amepitisha mapipa mawili mbele ya mlango wake kila siku.

Muuguzi aling'oa zile kope tatu kwa kibano, akampa Zipora tyubu ya dawa ya kupaka machoni asubuhi na jioni kwa wiki sita. Alimweleza mama kwamba kope zikiota tena zikiwa zimegeuka, wasing'oe wao, wamrudishe ili afanyiwe upasuaji mdogo. "Jicho la kushoto litapona," alisema. "La kulia litabaki na ukungu kidogo. Mngekuja mwakani, tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Na bibi mleteni. Kuona hatarudi kuona, lakini maumivu tutayapunguza."

Mwezi wa kumi uliitishwa mkutano wa wazazi. Mwalimu Sidonia alimwachia Mwalimu Fulgence azungumze. Mwalimu alieleza yote yaliyotokea bila kuficha sehemu yake. Kisha akapendekeza kwamba watoto wasioona vizuri au wasiosikia vizuri wakae mbele siku zote, na waliobaki wabadilishane, wiki hii dawati, wiki ijayo chini, bila kuuliza nani kachanga.

Baba yake Rodgers alisimama. Alikuwa amevaa suti ya kaunda. "Mwalimu, kwa heshima zote. Mimi nilitoa mchango wa dawati. Sasa mwanangu akae kwenye vumbi?"

Baadhi ya wazazi walitikisa vichwa kukubaliana naye. Wengine walitazama chini, hasa wale waliosimama nyuma.

"Mzee, swali lako ni la haki," Mwalimu Fulgence alijibu. "Lakini mwanao alikaa kwenye dawati hilo mwaka mzima, akapata manne. Jibu sahihi lilikuwa nyuma yake, chini. Sisi tulifikiri tunapanga madawati. Kumbe tulikuwa tunapanga nani asome na nani asisome. Kama sakafu haimfai mwanao, haimfai mtoto wa mtu yeyote. Basi tuisakafie."

Baba yake Rodgers akaketi. Mkutano ulikuwa mrefu na haukuisha kwa makofi. Lakini mpango wa kubadilishana ulipita. Wazazi wasio na fedha walikubali kuleta mchanga na kokoto na kufanya kazi siku mbili, na Yotham alijitolea maji ya kukorogea saruji. Mfanyabiashara mmoja wa nafaka wa mtaa wa Majengo alitoa mifuko mitatu ya saruji. Baba yake Rodgers alitoa miwili. Mwalimu Sidonia mwenyewe alitumwa na mkutano kwenda kwa wazazi wa Mazengo, naye Mazengo alirudi shuleni wiki ya pili ya Novemba, akakaa dawati la kwanza, sikio lake zima likielekea kwa mwalimu.

Rodgers alimfuata Zipora siku moja wakati wa mapumziko. Ilikuwa wiki yake ya kukaa chini, na kaptura yake ilikuwa na vumbi.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuacha upigwe."

Zipora alifikiri. "Nimesikia," alisema. Alikuwa bado hajajua kama amesamehe, na hakutaka kusema uongo. Baada ya muda aliongeza, "Ukitaka nikufundishe kukariri, uje na daftari." Rodgers alikuja nalo kesho yake.

Mtihani wa mwisho wa mwaka uliandikwa ubaoni kwa chaki mpya. Zipora alikuwa mbele. Jicho la kulia lilikuwa bado na ukungu, lakini la kushoto lilisoma yote. Alikuwa wa tisa kati ya watoto tisini. Mwalimu alipomtaja, alisimama, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alihisi kitu fulani kifuani ambacho hakukipatia jina. Alikuwa na hamu ya kufika nyumbani.

Kabla ya kuwaruhusu kwenda likizo, Mwalimu Fulgence alifunga daftari la mahudhurio, akasimama katikati ya darasa, si mbele.

"Nina maneno machache," alisema. "Zipora, wewe uliniambia unaona na huku huoni. Ninajua kwa nini ulisema hivyo, na aibu ya jambo hilo ni yetu watu wazima, si yako. Lakini ukweli ungekuokoa mwaka mzima wa maumivu. Ugonjwa unaofichwa hauponi. Kuanzia leo, yeyote asiyeona, asiyesikia au aliyekuja na njaa, aseme. Hatafukuzwa mtu kwa kusema. Na ninyi wengine, siku moja mtakuwa walimu, maofisa na wazazi. Mtakutana na mtoto anayeshindwa. Kabla hujamwita mvivu, kabla hujainua fimbo, nenda kwanza ukakae pale anapokaa, utazame kutoka hapo."

Akawaambia wasimame. Wakasimama wote, wa madawati na wa chini, wakasema, "Kwaheri, mwalimu," wakatoka nje kwenye mvua ya kwanza ya Desemba.